Cate wa Nyumba Tisa Aenda Matanga Yake

Cate Wangare alipata habari ya kwamba amekufa akiwa amesimama, mikono yote miwili imejaa nywele za mtu.

Mteja aliyekuwa kitini ni Fancy, yule binti anayeuza mboga karibu na steji ya matatu hapo Kaptembwo. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa vizuri, nusu ile nyingine imesimama wima kama imeona nyoka. Fancy alikuwa akitelezesha kidole kwa simu, anacheka peke yake, mara akanyamaza. Akageuza shingo polepole, ukadhani ina kutu.

"Auntie Cate, wewe ni mzima?"

"Tulia, utaniharibia laini."

"Hapana, nauliza vizuri. Uko mzima kabisa? Kwa sababu huku wanakuambia ulale salama."

Cate akachukua simu. Akajiona. Alikuwa wa miaka saba, mafungu mawili ya nywele yamefungwa kama masikio ya sungura, jino la mbele halipo. Picha haikuwa na rangi hata kidogo. Mbele ya kidevu chake mshumaa mmoja ulikuwa ukiwaka, na juu wameandika: Nyumba Tisa, tunakukumbuka. Chini yake watu walikuwa wanalia kwa vidole. Dada yetu wa Jumapili. Mungu hupenda kuchukua wazuri. Mwingine, ambaye Cate hajawahi kumuona duniani, aliandika kwamba walikuwa pamoja juzi tu na marehemu akasema anasikia uchovu.

Sasa nyinyi mliozaliwa juzi mkakuta simu zinajua kila kitu, kaeni chini mfundishwe. Nyumba Tisa ilikuwa kichekesho cha runinga, cha baba mmoja msahaulifu, mama mkali, na watoto wao wawili. Jumapili jioni kikianza, Nakuru nzima ilikuwa inanyamaza, hata mbwa. Nairobi walikuwa wanakitazama pia, lakini wao walikitazama tu. Sisi kilikuwa chetu, kwa sababu kilipigwa kwa nyumba moja pale Milimani, yenye ua wa maua ya zambarau, na watoto walitolewa shule zetu hizi hizi. Mvulana alikuwa Kipkirui. Msichana alikuwa Cate. Mkalenjin na Mkikuyu, ndugu wa tumbo moja kwa runinga, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza hiyo damu ilipitia wapi. Tulikuwa tunacheka tu.

Kila kipindi kiliisha namna moja. Chakula kinagawanywa mezani, baba anajisahau, na Cate anabaki ameangalia meza tupu mbele yake. Halafu anasema, kwa kasauti kembamba, "Na sahani yangu?" Basi. Nchi ilikuwa inaanguka kwa kicheko.

Kisha Cate akaota jino, akarefuka, kipindi kikafa. Kutoka ile nyumba ya Milimani hadi kibanda chake cha kusuka Kaptembwo unaweza kwenda kwa miguu, na ndivyo alivyokwenda, polepole, kwa miaka mingi. Yale maneno hakuyasema tena. Watu walimpigia kelele sokoni, "Cate, na sahani yangu?", makanga, wachuuzi, hata pasta mmoja akiwa madhabahuni, na yeye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani, anapita.

Na ile picha? Kijana fulani mwenye ukurasa wa mambo ya zamani alitaka kusherehekea kipindi. Akachukua picha ya siku ya keki, ile Cate anazimisha mshumaa, akakata keki ikabaki nje, akatoa rangi ili ionekane ya kale. Labda huyo kijana alikulia mahali pengine. Huku kwetu ukimtoa mtu rangi na umuwekee mshumaa, umeshamzika, kilichobaki ni kuulizana bendera ya kanisa gani itatangulia.

Cate alicheka. Akacheka tena kidogo. Halafu kicheko kikamkwama, kwa sababu alimkumbuka mama yake.

Mama yake, Wamuyu, alikuwa akiishi peke yake Subukia, na moyo wake haukuwa wa kuchezewa. Mwaka uliopita walimletea habari kwamba ng'ombe wake Waridi ametumbukia kwa shimo, akaanguka pale pale jikoni, akalazwa. Ng'ombe mwenyewe alitoka shimoni akiwa mzima, anatafuna. Daktari alimwita Cate pembeni akamwambia, huyu mama asipewe habari kwa ghafla, habari mbaya nyingine moja inaweza kumuondoa. Kama ng'ombe alimlaza wodini, mtoto wake wa pekee angemfanya nini?

Akapiga simu ya mama. Mteja hapatikani. Mama alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ambayo mara nyingi hulala dukani ikichajiwa na mahindi ya watu yakipimwa juu yake. Akapiga tena. Hapatikani. Vidole vikaanza kumtoka jasho hata chanuo likateleza.

Akampigia Nanyama, jirani wa mama, yule wa ng'ambo ya mti wa kahawa. Simu ikaita. Ikaita. Ikashikwa. Cate akasema, "Nanyama, ni mimi Cate," na akasikia mayowe ambayo hayakuwa na herufi, halafu kishindo, halafu maji, halafu kimya. Alipopiga tena, hata yule dada wa kusema hapatikani hakusema kitu.

Kama Nanyama anajua, kijiji kinajua. Kama kijiji kinajua, nani amekaa na mama?

"Fancy, nimeenda."

"Na hiki kichwa?"

"Funga leso."

Alikuwa hajafika barabarani pikipiki ikaja mbio ikasimama mbele ya kibanda, mwenyewe akashuka bila kuizima. Alivua helmeti. Uso ulikuwa umelowa na kamasi zimemfikia kidevu. Alikuwa Kipkirui, kaka yake wa runinga, ambaye siku hizi hubeba watu kutoka Milimani. Alimwangalia Cate kutoka viatu hadi nywele, akarudi nyuma hatua, akagonga pikipiki, ikaanguka.

"Nishike," Cate akamwambia.

"Nikushike kwa nini? Shika kitu wewe, nione kama kinashikika."

Cate akaokota helmeti akampiga nayo begani.

"Sawa, uko," Kipkirui akasema, akipangusa uso. "Nimelia kutoka Milimani mpaka hapa, mwanamke wewe. Abiria nimemuacha kwa geti ya wenyewe. Nani atanirudishia haya machozi?"

"Kipkirui, ni mathe. Hashiki simu. Wameshamwambia."

Kipkirui alikuwa anajua habari ya Waridi. Akaacha utani, akainua pikipiki. "Panda."

Walipita mjini, wakashika barabara ya Nyahururu, wakapita Bahati, na njia yote Cate alikuwa anaona kitu kimoja tu: mlango wa jikoni wa mama yake, na mguu mmoja umetokeza sakafuni, kiatu kimechomoka. Kila alipofumba macho mguu uko. Akifumbua, uko. Akajaribu kuomba, maneno yakakataa kukaa kwa laini. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kupumzika, akadhani ni mama, akaitoa na upepo ukitaka kumnyang'anya. Ulikuwa ujumbe wa kikundi cha kanisa cha nyumbani, Subukia. Mzee Jamleck, katibu, alikuwa ameandika: Wapendwa, tukutane kwa Mama Cate mara moja. Hali ni mbaya. Mje na viti.

"Imesema nini?" Kipkirui akauliza juu ya upepo.

"Hali ni mbaya."

"Hali ya nani?"

"Hajaandika ni ya nani."

Kipkirui akaongeza mwendo, kisha pale juu, barabara inapoanza kuteremka kwenda bondeni, ukungu ukawameza. Haukuwa ukungu wa kuchezea. Lori lilitokea ghafla kama ng'ombe mweupe, likapita likiwapulizia matope, na Cate akajikuta anaogopa kufa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akawaza kwamba akifa hapa, sasa hivi, wale wote walioandika watakuwa wamesema kweli, na mama atakuwa ameuawa na ukweli na uongo kwa pamoja.

"Usiniue," akamwambia Kipkirui mgongoni. "Leo siwezi."

Subukia jua lilikuwa linawaka. Waliacha lami, wakaingia njia ya udongo kati ya mahindi, na kabla ya kuona nyumba Cate aliona moshi. Si moshi mwembamba wa mama yake wa kupika chai ya mtu mmoja. Ulikuwa moshi mnene, wa meko matatu. Kisha akaona wanaume wawili wakipasua kuni. Kisha viti vya plastiki vimepangwa nyasini, na turubai la bluu limefungwa kutoka kwa mti hadi pembe ya paa, na akina mama wenye leso viunoni wakikoroga sufuria ile kubwa ya kanisa, ile ambayo haiondoki stoo mpaka mtu afe.

Kipkirui akazima pikipiki. Hata yeye anajua kuhesabu sufuria.

Cate alishuka. Alijiambia nimechelewa. Alijiambia wamemwambia nimekufa, na yeye amekwenda kunitafuta huko, na mimi niko hapa na vumbi. Alitembea kuelekea watu kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Wa kwanza kumuona alikuwa Mzee Jamleck, ambaye alikuwa amesimama akiongoza wimbo. Mdomo ulibaki wazi na wimbo ukaisha ndani yake. Wengine wakageuka kuona anaangalia nini. Kiti kikaanguka. Mama mmoja mnene, ambaye kwa kawaida hupanda ngazi ya kanisa kwa kusaidiwa, aliruka ua wa miiba ya kei apple kama swala. Nanyama alijificha nyuma ya tangi la maji, akabaki ametoa jicho moja.

Hakuna aliyesema. Na ukimya huo Cate akauelewa vibaya kabisa.

"Mama yangu amelazwa wapi?" akauliza. "Niambieni tu. Yuko ndani?"

"Kwa nini nisiwe ndani?"

Sauti ilitoka jikoni. Wamuyu akafuata nyuma ya sauti yake, mwiko mkononi, kitambaa kichwani, viatu vyote viwili miguuni. Alimwangalia binti yake, akawaangalia waombolezaji, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amekasirishwa tangu asubuhi.

"Si niliwaambia?" akasema. "Niliwaambia hii picha ni ya ile siku ya keki. Wakanishika mikono. Mama kubali, mama kubali. Nikubali nini? Wameniimbia mpaka maharagwe yangu ya mbegu yameingia kwa githeri pamoja na mahindi."

"Mama Cate, ilikuwa bila rangi," Mzee Jamleck akajitetea. "Na mshumaa."

"Jamleck, kwa hii nyumba Nyumba Tisa iliwahi kuwa na rangi lini?"

Hapo wazee wa kijiji wakaangaliana, kwa sababu walikumbuka. Runinga ilikuwa moja tu upande huo, ile ndogo ya Great Wall ya marehemu mume wake, iliyokuwa ikitumia betri ya gari, na betri yenyewe ilikuwa inapelekwa madukani na punda kila wiki kuchajiwa. Walikuwa wanajaa humu ndani Jumapili, wengine wakichungulia dirishani. Kijivu na kijivu. Watu wa Milimani waliona gauni la Cate ni jekundu. Mama yake, aliyebaki huku mtoto akiwa shule Nakuru, hakuwahi kujua. Kwa macho yake mtoto akiwa kwenye kioo alikuwa hana rangi, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwamba yuko mzima na anafanya kazi.

Lakini Nanyama alikuwa bado nyuma ya tangi. "Nguo ya mtu hata pepo anaweza kuvaa," akasema. "Alinipigia simu kutoka huko. Nimeitupa kwa beseni ya vyombo. Aseme kitu cha yeye mwenyewe."

"Cate," mama akasema, "waambie."

Cate alijua ni nini. Aliwatazama. Kila mtu chini ya lile turubai alikuwa ameshika sahani, githeri inatoa moshi, wengine walikuwa hawajaacha kutafuna hata kwa hofu. Walikuwa wanakula matanga yake. Alifungua mdomo kusema jina lake kamili, na kwa sababu bado alikuwa anauona ule mguu wa sakafuni, kilichotoka ni kasauti kembamba, katupu, ka mtoto wa miaka saba.

"Na sahani yangu?"

Mzee Jamleck alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akalia, halafu akalia kweli. Nanyama akatoka. Yule mama mnene akaanza kuuliza kutoka ng'ambo ya ua nani atamrudisha, kwa sababu sasa hawezi kuruka.

Wamuyu hakucheka. Aliingia jikoni akatoka na sahani ya bati, amejaza, akamletea binti yake. Cate akaishika. Mama hakuiachilia. Ndipo Cate akaona kwamba sahani inatetemeka, maharagwe yanadondoka moja moja kwenye kiatu chake, na haikuwa mikono yake yeye.

"Maitu, uliogopa?"

"Niogope nini? Nilijua."

"Basi achilia sahani."

"Wewe kula," Wamuyu akasema, akiwa ameishika kwa mikono miwili. "Kula nikuone."

Cate akachota kwa vidole, akala, wakiwa wamesimama hivyo wote wawili, na bati likigongagonga kati yao.