Siku Nilipoficha Mbabula ya Mama Zawadi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiri kwamba mtu mkubwa akija kuangalia kazi yako, anakuja kuangalia kama inang'aa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha karibu kila kitu ninachojua, na aibu yake bado inanichoma masikio (hata sasa hivi nikiandika nimeinuka kwenda kufunga mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa). Rafiki zangu hapa mtaani Keshero wanapenda niwasimulie kisa hiki kwa sababu mwanzo wake unachekesha. Huwa nacheka pamoja nao mpaka mahali fulani, halafu naishia hapo, nao wanadhani nimechoka.

Kazi yangu ni kutengeneza mbabula, majiko ya kupikia. Si zile za sokoni zinazomaliza gunia la makala, mkaa wetu, kabla mwezi haujaisha. Zangu zina tumbo la udongo ndani ya bati, joto linabaki ndani, na vijiti vichache vinaivisha maharagi. Sikuisomea. Nilitazama video kwenye simu, nikatengeneza, ikapasuka, nikatengeneza tena, na kwa sababu Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano na udongo mzuri hatuna, nilikuwa naletewa magunia kutoka upande wa Masisi, nikauchekecha kila mara mpaka mama yangu akaniuliza kama natafuta dhahabu. Niko hivyo. Kitu kikiwa na kasoro ndogo, silali.

Wakati huo kambi za Kanyaruchinya, nje ya mji, zilikuwa bado zimejaa watu. Nilifanya kazi huko na kikundi cha akina mama waliokimbia vita, na kiongozi wao alikuwa Mama Zawadi, mkulima wa milima ya Masisi, mrefu, sauti ya chini, mtu wa kusikiliza mpaka umalize. Mbabula yangu ya kwanza iliyofaulu nilimpa yeye. Aliitumia kila siku tangu mvua zilipoanza. Ikawa nyeusi tii, mdomo ukamomonyoka upande mmoja, akauziba kwa udongo na majivu kwa vidole vyake, ukabaki kama kidonda kilichofungwa haraka. Lakini ilipika. Kabla yake, binti yake Neema alikuwa anaingia msituni kutafuta kuni karibu kila siku, na hapa kwetu hakuna asiyejua wasichana wanakutana na nini kule. Baada ya mbabula ile alianza kwenda mara moja moja. Mama Zawadi alitaka asiende kabisa, na asiende mtoto wa mtu yeyote, na hilo ndilo lililotufanya tuombe ruzuku.

Ilikuwa programu ya serikali, ya kusaidia vikundi vinavyopunguza kuni na makala. Tukipata, kila nyumba ya kikundi ingekuwa na mbabula, na tungenunua mashine ya kukandamiza takataka na maganda kuwa makala, basi msitu tungeuaga. Niliandika dosye ya maombi nikaiandika tena mpaka Mama Kahindo, mwenzake Mama Zawadi na mtu wa maneno, akasema, "Papa, hiyo karatasi utaichokesha, itakataa kwenda."

Tukachaguliwa kutembelewa. Mwanamke mmoja wa komisyo, kamati ya kuchagua vikundi, alinipigia kutoka ofisi yao ya Himbi (jina lake sitaliandika, sote tulimwita Madame) na maneno yake nayakumbuka vizuri. "Tunakuja kuona mbabula ile mama anapikia kila siku. Musitayarishe kitu."

Nikasema ndiyo, Madame.

Sasa niambieni, nani katika mji huu anaambiwa asimtayarishie mgeni kitu, akatii? Mgeni akija kwako, hata kama una kiti kimoja tu, unaazima kingine kwa jirani, unanyunyiza maji mbele ya mlango vumbi litulie, unatafuta fanta, na mgeni anapokuambia usijisumbue unajua ni adabu yake tu. Nilichukua maneno ya Madame kuwa adabu. Nikaanza kujisumbua.

Siku moja kabla ya ziara nilienda kambini, nikaitazama mbabula ya Mama Zawadi. Niliona ule mdomo uliozibwa. Niliona masizi. Niliona wakubwa wakiiinamia na kusema kumbe ni hiki tu. Kwangu nilikuwa na moja mpya, imenyooka kila upande, nzuri kupita zote nilizowahi kutengeneza, ila udongo wake ulikuwa bado haujakauka ndani, maana mvua zilikuwa hazikatiki, na haikuwa imechomwa. Nikajiambia kwa siku moja itavumilia. Nikaileta na pikipiki, na kwa kuwa nilikuwa na rangi ya mafuta iliyobaki ya kupaka mageti, nikaipaka bluu. Yote, mpaka miguu.

Mama Zawadi alisimama akaniangalia nikipaka.

"Mutoto yangu, ile yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama. Ni chafu tu."

"Ni chafu kwa sababu inapika."

"Kesho bakubwa banakuja."

"Banakuja kuona moto ao banakuja kuona rangi?"

Nilichukua mbabula yake nikaiweka nyuma ya kibanda chake, nikaifunika na beseni. Nakumbuka alitazama lile beseni kitambo, halafu akaenda kuchambua maharagi.

Asubuhi yake akina mama walivaa vikwembe, vitenge vya aina moja, viti vya plastiki vikapangwa, watu wa kambi wakajaa pembeni kama kwenye harusi. Madame akafika na mzee mmoja wa komisyo mwenye shati jeupe, mtu mpole, aliyesalimia mpaka watoto. Nikatoa hotuba. Nikasema mbabula hii hapa, mama anaitumia tangu mvua zianze. Sikupanga kusema uongo, lakini sentensi hiyo nilikuwa nimeikariri nikiwa nawaza ile nyeusi, ikatoka yenyewe na mkono wangu ukaonyesha ile ya bluu.

Mama Zawadi akawasha moto, akaweka sufuria. Kwanza ikaja harufu. Rangi ya geti ikikutana na moto, wapendwa, ni kama mtu anachoma kandambili. Halafu ukaja moshi, si ule wa kuni, mweusi mzito, na upepo wa siku ile uliupeleka moja kwa moja kwenye viti vya wageni, wakaanza kukohoa, na bluu yangu ikaanza kuvimba malengelenge. Sauti moja kwenye umati ikasema, "Hii njo nishati safi? Basi tubakie na uchafu yetu." Watu wakacheka. Mimi nikachukua kifuniko nikapepea kwa nguvu, nikidhani nafukuza moshi, kumbe nachochea moto.

"Musijali," nikasema, "ni kawaida, inafanyaka hivi mara ya kwanza."

Madame alikuwa amefunika pua na kitambaa. Akakiondoa polepole.

"Mara ya kwanza? Si umesema mama anapikia hapa tangu mvua?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Mpaka leo narudi kwenye dakika ile, najiona nimesimama na kifuniko mkononi. Beseni lilikuwa hatua chache tu nyuma ya kibanda. Lakini nilisema, "Ni mara ya kwanza tangu tuipake rangi, Madame," na kabla sijafunga mdomo ule udongo mbichi ukapasuka kwa mlio kama wa chupa inayoanguka, sufuria ikainama, maji ya maharagi yakamwagika motoni, na majivu yote yakaruka juu ya shati jeupe la yule mzee. Hakukasirika. Alisema tu, "Pole, kijana," na upole wake ulinimaliza kuliko matusi.

Hapo ndipo akili yangu ilipokimbia kabisa. Nilimwona Mama Kahindo nyuma ya hema moja, ambako walikuwa wanawapikia wageni chakula tangu asubuhi, bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa sufuria kubwa, kwa sababu mgeni haondoki bila kula. Nikampa ishara alete. Akaleta, hajui kitu, na mimi nikajisikia nikisema, "Tunayo nyingine, Madame. Chakula hiki kimeivia juu yake."

"Iko wapi?" Madame akauliza, na akainuka.

Hakungoja nimwonyeshe. Alifuata moshi. Nyuma ya hema kulikuwa na mawe matatu, na juu ya mawe sufuria, na chini yake magogo mazima kutoka msituni yakiwaka, magogo yale yale tuliyoandika kwenye dosye kwamba tunataka kuyaacha. Mama Kahindo, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila jambo, aliinamisha kichwa. Umati ulikuwa umetufuata, na safari hii hawakucheka.

Ndipo Mama Zawadi akaja kutoka nyuma ya kibanda amebeba mbabula yake kwa mikono miwili. Aliiweka chini mbele ya Madame, akafuta mdomo wake na pembe ya kikwembe kipya.

"Madame, yangu ni hii. Ninapikia hapa kila siku. Inakula vijiti bidogo tu. Ngoja niwashe uone."

Madame aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kuamini. Akasema, bila ukali, "Mama, leo nimeonyeshwa mbili, na zote zilikuwa uongo. Hii ya tatu nitajuaje kama ni ya kweli?"

"Muulize huyu mutoto."

Madame akanigeukia. Nikafungua mdomo, na nikalia. Mwanaume mzima, mbele ya kambi, kifuniko cha sufuria mkononi, nalia, na hakuna neno lililotoka. Wageni wakaaga kwa adabu, chakula hawakugusa. Ruzuku ikaenda kwa kikundi kingine, mbali na kwetu, na sina neno juu yao.

Hapa ndipo rafiki zangu wanapocheka zaidi, pale pa kulia. Sehemu inayofuata siwasimulii.

Makala hayakuwapo, mashine haikuwapo, na mbabula moja haiwezi kupikia kikundi kizima. Wasichana waliendelea kwenda msituni. Siku moja Neema alirudi amekimbizwa, hana kuni wala viatu, na tangu hapo Mama Zawadi akamkataza asiende tena, akawa anaenda mwenyewe. Akirudi na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, aliteleza juu ya yale mawe ya volkano yenye meno kama msumeno, akaanguka na mzigo wote juu yake. Nyonga ilivunjika. Hospitalini waliiunga, lakini haikuunga sawa.

Nilichelewa kwenda kumwona. Kila asubuhi nilikuwa napanga maneno, nayaona hayajatosha, naahirisha. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, Neema anapika kwa ile mbabula nyeusi. Nikamwambia nisamehe, mama, niliharibu kwa haraka yangu, ningengoja udongo ukauke, nisingepaka rangi. Nilikuwa nimezipanga zile kasoro zote, moja baada ya nyingine, kama fundi.

Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Rangi si kitu," akasema. "Udongo si kitu. Mutoto yangu, ile siku ulisikia aibu juu yetu."

"Hapana, mama."

"Ulisikia. Mimi niliona. Ukafunika mbabula yangu na beseni, ile tunaoshaka batoto ndani. Nikasema acha, ni mutoto aliyeandika dosye, anajua bakubwa banapenda nini." Akaguna, akausogeza mguu kwa mikono. "Na mimi pia nilinyamaza. Sasa kula. Neema, mupatie."

Nilikula. Maharagi yalikuwa yameiva vizuri sana, na sikuweza kuinua macho.

Sikumwona tena mara nyingi. Kambi zilibomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao, na kila mmoja akatafuta njia yake. Mama Kahindo aliniambia Mama Zawadi alipanda lori la Masisi, wamemwinua watu wawili kwa sababu ya mguu, na mizigo yake ilikuwa michache. Namba yake ya simu haiiti. Sijui kama kule ana mtu wa kumtafutia kuni.

Bado natengeneza mbabula, na ruzuku ya serikali haijapita tena upande wetu. Wageni wa mradi wowote wakija, nawapeleka kwa mama anayepika bila kumwambia mapema, wanamkuta alivyo, na yeye ndiye anayesema. Mimi nakaa nyuma. Wakiniuliza, najibu.