Matundu kwenye Vipande vya Dada

Mwenzenu leo nimepumua. Siku zote hizi nilikuwa nasuka vichwa vya watu huku moyo haupo, mpaka mteja mmoja niliyemvuta nywele akaniuliza kama tuna ugomvi. Ugomvi wa nini? Nilikuwa namhofia dada yangu.

Dada ni mfumaji. Wanamwita Mama Masweta, maana nusu ya watoto wa shule mtaani kwetu wamekulia ndani ya masweta yake. Mishono imelala sawa, hata ukitafuta kasoro kwa tochi huipati. Anafuma huku anachungulia dirishani, anafuma huku anakusema. Kusema watu ndiyo kazi yake ya pili.

Basi binti yake, yule anayefanya kazi duka la dawa, akanipigia simu, sauti chini kama mwizi. "Mama mdogo, njoo umwone mama. Kuna vitu anaficha chini ya mto. Vimejaa matundu."

"Matundu gani tena?"

"Anafuma vipande vidogo vidogo vya mraba, kila rangi, vyote vimetobokatoboka. Nikiingia anavifunika. Anahesabu kwa sauti, anafumua, anaanza upya. Na kuna siku aliniita kwa jina lako."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mama yetu mzazi alianza hivihivi. Kwanza alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, tukacheka. Akaishia kuniita shangazi na kuniuliza kwetu ni wapi. Na niseme ukweli, sikumhofia dada peke yake. Kama hali hiyo ilianza kwa mama, ikaja kwa dada, anayefuata ni nani kama si mimi?

Nikazungusha siku kadhaa kwa woga, leo nikafunga saluni, nikaenda. Dada alikuwa uani anaanika nguo. Binti akaninyanyulia mto upesi upesi. Lo! Njano, kijani, zambarau, rangi ya chungwa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Na matundu kweli yalikuwepo. Mwanamke ambaye masweta yake hayapitishi hata upepo! Machozi yakanilenga.

Sasa, sisi wasusi tuna tabia moja. Ukimaliza upande mmoja wa kichwa, mkono unakwenda wenyewe upande wa pili kulinganisha, usije ukamtoa mtu ana kichwa cha watu wawili. Nikachukua vipande viwili vya njano, nikavipandanisha, nikaviinua dirishani. Mwanga ukapita. Tundu juu ya tundu, yamejipanga kama majani kwenye tawi, hakuna hata moja lililopotea njia.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "mtu aliyechanganyikiwa hawezi kukosea vilevile mara mbili. Hii ni kazi ya makusudi."

"Nyie mapolisi, mnatafuta nini kitandani kwangu?" Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake tupu, uso ameukunja.

"Dada, haya matundu..."

"Ni mapambo! Unazungusha uzi kwenye sindano makusudi, tundu linatokea. Hujawahi kuona nguo nzuri wewe?"

"Sasa mapambo unayafichia nini?"

Akaweka beseni chini, akaketi kitandani.

"Siku niliyomwita huyu kwa jina lako, niliogopa," akasema. "Nikamkumbuka mama. Masweta nafuma hata usingizini, hayawezi kuniambia kitu. Nikasema ngoja nijifunze mishono nisiyoijua, kipande kwa kipande. Nafuma kimoja, nakificha, halafu nakirudia kwa kichwa bila kukitazama. Sikutaka mwanangu anione nikishindwa."

"Na ulishindwa?" binti akauliza.

"Mwanzoni vibaya sana. Hivyo vya zambarau usivitazame, ni aibu tupu. Hicho cha pili cha njano nimekimaliza asubuhi." Akakikodolea macho mkononi mwangu. "Kulinganisha sijathubutu. Nimeona heri nikafue."

"Mimi nimeshalinganisha, dada."

Akafumba macho.

"Niambie tu," akasema.

"Ni sawasawa. Vyote viwili."

"Usinidanganye kunifurahisha."

Nikampa avishike mwenyewe. Akaviinua dirishani, akapitisha kidole tundu kwa tundu, mstari kwa mstari, mpaka ukingoni. Akarudia tena kutoka juu. Mimi na binti tulisimama kama tumepigwa misumari.

"Nipo," akasema polepole. Kisha akapaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta: "Jamani, mimi bado nipo!" Akajitupa juu ya vipande vyake vyote akalia kwa kwikwi, na mimi nikajitupa pembeni yake nikalia zaidi yake.