Muringa wa Riungu

Salesio Kaberia hakupanda kwenda Githongo kutafuta rafiki. Alikuwa anatafuta muringa, mti wa mbao. Mwaka huo wa 1986 alikuwa amewaahidi wazee wa kanisa moja la huko juu mabenchi ya muringa mtupu kabla ya Krismasi, na muringa mnene ulishakuwa adimu, kila uliobaki una mwenyewe mwenye maringo. Alipouona ule wa mzee mmoja, Riungu, umesimama mwisho wa shamba la kahawa, umenyooka, shina lake watu wawili hawalikumbatii, akaupita kana kwamba hajauona. Ndivyo alivyonunua kila kitu tangu aanze na mkokoteni wa kuazima pale soko la Gakoromone: mkono kwenye bidhaa hii, jicho kwenye ile.

"Mzee, hii miti yako ya grevilia utaniuzia?"

"Umekuja kwa muringa," Riungu akamjibu. "Keti tunywe chai."

Kaberia akajua hapa hakuna mchezo. Wakavutana nusu siku. Riungu hakuwa tajiri wala msomi. Aliishia darasa la nne, akafagia ofisi ya serikali Embu kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kulima kahawa ya babake. Lakini alikuwa na jina. Wakwe wakikaa kuzungumzia mahari, yeye ndiye aliyeitwa kusema ni mbuzi wepi waliokwisha kupelekwa na ni asali ya nani iliyomwagika njiani. Akishasema, watu walifunga mjadala. Kukumbuka ndiko kulikompa kiti cha mbele.

"Na huu mti, mzee, hauna maneno?"

"Niliupanda kwa mikono hii. Tulikuwa tumemaliza kupimiwa mashamba, mvua inanyunya, jembe langu mpini umepinda. Nakumbuka udongo ulivyoniingia kwenye kucha."

Kaberia akalitazama shina tena. Alijua muringa haunenepi hivyo kwa miaka ishirini na kitu tangu mashamba yapimwe. Si kazi ya mnunuzi kumsahihisha muuzaji.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mti uliopandwa baada ya kupimwa mashamba ni wa aliyeupanda, akate au auze. Lakini miti ya zamani, ile ambayo ndugu waliipanda walipogawana ardhi, ni ya nyumba zote mbili, na hakuna anayeigusa bila mwenzake. Upande wa pili wa muringa huo aliishi Gacheri, mjane wa mjukuu wa ndugu ya babu yake Riungu, na siku hiyohiyo alivuka na kusema huo ni mti wa mpaka.

"Mama, wewe umeolewa hapa juzi," Kaberia akamcheka. "Huyu ndiye mwenye kumbukumbu. Mtu mkweli kama huyu sijaona Meru nzima."

Wakapeana mikono, Kaberia akaacha pesa ya kishika mkono, akaenda kumtafuta Mbae mwenye pawa, msumeno wa injini.

Waliporudi na mashine, walimkuta Gacheri ameegemea shina la muringa, kikapu cha ndizi mbichi mbele yake, anamenya. Hakuinuka. Mbae akawasha pawa ikanguruma, akaizima. Gacheri akachukua ndizi nyingine.

"Mama, utaumia," Mbae akasema.

"Nikiumia utanibeba. Una mabega."

Kaberia akamvuta Riungu kando. "Mzee, tumpe kitu kidogo aondoke. Natoa mfukoni mwangu, wewe hupungukiwi."

"Ukimpa hata shilingi moja, umenifanya mwongo."

"Sijasema wewe ni mwongo. Nasema nataka mti."

"Ni kitu kimoja."

Kaberia alikuwa ameshughulika na walevi, matapeli na makarani wa kaunsili, na kila mmoja alikuwa na bei. Huyu aliyeamini anachosema hakuwa nayo. Hilo lilimchoma kuliko hasara.

Akapata wazo alilodhani ni zuri. Mwezi huo Githongo palikuwa na mwalimu wa chuo kikuu, Nelius, mwenyeji wa Embu, aliyekuwa akiwauliza watu mambo waliyoyaona zamani, kisha anawarudia baada ya wiki kadhaa kuwauliza yaleyale. Kaberia alimfuata kwenye hoteli ya chai.

"Madam, wewe ndiye daktari wa kukumbuka?"

"Nachunguza kumbukumbu na makosa yake."

"Makosa achana nayo. Kuna mzee hapa hana kosa hata moja. Njoo umpime, useme mbele ya watu."

Nelius akaja kesho yake. Walikaa nje ya jikoni kwa Riungu: Gacheri na ndizi zake, Mbae, na shangazi mzee wa Riungu, Mukiri, aliyekuwa akipukuchua maharagwe mlangoni. Nelius hakubishana na mtu. Alimwacha Riungu asimulie tangu mwanzo, mvua, mpini, kucha. Kaberia akawa anatikisa kichwa kama wakili aliyeshinda.

"Na ulipomaliza kupanda, ukafanya nini?"

"Nikapangusa mikono," Riungu akasema bila kusita. "Nikafungua kipembe changu hapa shingoni, nikanusa ugoro, nikaketi."

Mukiri akaacha kupukuchua.

"Mzee," Nelius akauliza taratibu, "wewe hutumia ugoro?"

Riungu akapapasa shingoni, pakawa patupu. Kila mtu kijijini alijua kuwa tangu ubatizo hajawahi kunusa ugoro, na kabla ya ubatizo alikuwa mtoto mchanga.

"Kipembe kilikuwa cha baba yangu," Mukiri akasema. Babake Mukiri ndiye babu aliyemwachia Riungu jina, na kwa desturi ya kule mtoto akishachukua jina, amemchukua na mtu mwenyewe. Ndiyo maana bibi huyu, na meno yake mawili, alimwita mpwa wake baba. "Si nilikuwa nakwambia kila siku, baba? Muringa wako umekua, baba. Uliupanda kwa mvua, ukakaa ukanusa ugoro wako. Siku yenyewe nilikuwa nimekubeba mgongoni, unalia."

"Hata shangazi anaweza kukosea," Nelius akasema.

"Ugoro haujakosea," Gacheri akajibu.

Kaberia akamfuata Nelius hadi barabarani, mishipa imemtoka. "Madam, nilikuleta umpime, umenibomolea."

"Hakudanganya. Mtu hatunzi jambo kama gunia ghalani. Ni kama githeri ya jana: kila ukiipasha moto unaongeza kitu, chumvi hii, viazi vile, na mwishowe hujui kipi kilikuwa cha kwanza. Yeye alipewa githeri ya babu yake tangu mdogo, akaambiwa ni yako."

"Sawa. Sasa mti ni wa nani?"

"Hilo si swali la utafiti wangu."

"Basi utafiti wako unauza nini?"

Nelius akacheka. Kaberia hakuona cha kuchekesha.

Alirudi akamkuta Riungu ameketi palepale, anatazama kucha zake. Kaberia akaona upenyo. Mti ukiwa wa nyumba mbili, analipa nyumba mbili, anakata, anakwenda. Akalisema hilo kwa sauti ya upole aliyoihifadhi kwa wafiwa.

"Hapana," Riungu akasema. "Nilikuuzia mti nilioupanda. Huo haupo." Akaingia ndani, akatoka na kishika mkono, hakijapungua. "Na bado nauona, Kaberia. Najua nilikuwa mgongoni, na bado naona mikono yangu kwenye udongo. Sasa ya mahari niliyoamua, je?"

Kaberia hakuwa na habari ya mahari. Alimgeukia Gacheri.

"Mama, wewe umeshinda. Taja bei."

"Nitafikiri."

"Mpaka lini?"

"Si nimeolewa juzi? Nina wakati."

Mabenchi yalitoka, ya grevilia kutoka pande za Runyenjes, na wazee wa kanisa wakamkata bei mpaka faida ikawa nauli na chai. Nelius alipata alichokuja kutafuta. Gacheri, ambaye zamani hakuulizwa chochote kuhusu mpaka, siku hizi anaulizwa hata kuhusu mfereji. Riungu bado huitwa kwenye mahari, kwa heshima, lakini hukaa nyuma. Wakimuuliza, husema, "Waulizeni wengine. Mimi nakumbuka vizuri mno."

Kule Majengo, kwenye bucha anaponunua nyama, Kaberia huisimulia habari hii kwa uchungu. Husema yeye tangu siku ya kwanza aliuona mti ni wa zamani, akawaambia wazi wote wawili walipwe, wakakataa kumsikia.

"Siku ya kwanza ulisema hujaona mtu mkweli kama yule Meru nzima," Mbae alimkumbusha. "Wewe mwenyewe ulinisimulia ulipokuja kunichukua."

"Mimi? Labda ulisikia kwa mtu mwingine."

Kila akipita Githongo hupunguza mwendo. Muringa bado umesimama, na kwa hesabu yake ya jicho, mbao zilizomo zimeongezeka.