Swali si Kitanda

Ukiuliza pale Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani, nani anayejua kupambana na saa, utaelekezwa kwa Maman Drocella, na anayekuelekeza atacheka kwanza, kwa sababu huenda naye aliwahi kugombezwa mle ndani. Drocella ana duka dogo la kuchapa na kufotokopi kwenye barabara ya kupandia sokoni. Ana kompyuta tatu, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na kiti kimoja kizuri ambacho hakikaliwi ila na mtu anayefanya mtihani wa kazi. Maana waajiri wa siku hizi hawakuiti tena ukumbini na kalamu yako. Wanakutumia barua pepe, unabonyeza palipoandikwa anza, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo, na Mungu akusaidie.

Vijana walimjia wakitokwa jasho kabla hata hawajaketi. Naye alianza na mambo ya aibu. "Umeenda choo?" aliwauliza, hata wale wenye shahada zao. Kisha alichukua simu zao akazifungia kwenye droo, kwa kuwa mjomba ambaye hajapiga mwaka mzima ana tabia ya kupiga siku hiyohiyo. Aliwasomesha maelekezo mpaka neno la mwisho, akisema kusoma maelekezo ni bure, saa bado haijaanza kula. Hesabu maswali, gawanya muda, bakiza kidogo cha mwisho. Angalia kama mtihani unakubali urudi nyuma, kwa sababu mingine ukishapita swali ndiyo basi, mmeagana. Na ukikwama, jibu unavyodhani, uende zako.

"Swali si kitanda," alisema akigonga mgongo wa kile kiti. "Bantu banalala mu nyumba. Hapa unapita."

Na kweli walipita. Gad, kijana wa Bweyeye, alifika siku moja na tope mpaka magotini, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara na sehemu kubwa ya safari aliikata kwa miguu. Drocella alimpa maji ya kunawa, akamkalisha, akasimama nyuma yake kama askari. Leo Gad ana kazi, na akipita mbele ya duka anasalimia kwa kuuliza kama kuna mtu amelala ndani.

Ujuzi huo wa kupima muda Drocella hakuutoa chuoni. Aliutoa Kadutu, mtaa wa Bukavu ng'ambo ya mpaka, alikozaliwa na kukulia, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Mama yake aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni, na maisha yake yote hakuwahi kuvaa saa. Aliamka, akawasha makaa, akaogesha batoto, akapanga samaki kwenye beseni, akafika sokoni kabla ya wenzake, na njiani alikuwa amesimama kumsalimia kila mtu na kuuliza habari za mpaka mbuzi. Mpaka leo Drocella hajui zile salamu ziliingia wapi katika ile asubuhi. Tena mama huyo hakujua kuamrisha. Hata mteja mkorofi, hata mtoto mtundu, alimwambia, "Nakuomba na mikono mbili," na sauti yake ilipanda kidogo mwishoni, mtu akajikuta ameshatii.

Familia ilirudi Rwanda Drocella akiwa msichana. Miaka michache baadaye mama alifariki, akazikwa Mibirizi. Ilibaki picha moja ukutani. Sauti haikubaki, kwa sababu enzi zile nani angehangaika kurekodi mama muuza samaki?

Basi dunia nayo haisimami. Simu zimefanya kila mtu awe na duka la Drocella mfukoni, na fotokopi peke yake hailipi pango. Binti yake Isimbi, anayefanya kazi Kigali, alikuwa amechoka kumbembeleza. "Maman, kuya tu tukae wote," alimwambia kila Jumapili baada ya misa. Chumba kilikuwa tayari, shuka zimetandikwa.

Drocella hakutaka. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja mdogo unaotazama ziwa, na ng'ambo ya maji kuna Bukavu yenyewe. Jioni alitoa kigoda chake akakaa kutazama. Pale ni Nguba, alimwonyesha mgeni, na kule nyuma ni Kadutu. Kadutu haionekani kutoka pale, na anayeijua Kamembe anajua hivyo, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia. Kigali ni mji mzuri, safi, hausemwi vibaya. Ila Kigali ukitoa kigoda nje unatazama nini?

Ndipo likatokea tangazo. Kampuni moja ya kusafirisha vifurushi ilitafuta mtu wa kupokea simu za wateja wanaosema Kiswahili, akiwa nyumbani kwake. Drocella alilisoma, akalisoma tena. Akiipata kazi hiyo, atafunga duka na kubaki na uwanja wake. Akiikosa, ni Kigali kabla mvua hazijaanza. Hakukuwa na njia ya tatu, na yeye hakujidanganya.

Siku ya mtihani alifunga mlango wa duka kwa komeo. Akaenda choo, akajicheka peke yake huko. Akafungia simu yake kwenye droo. Akakaa kwenye kile kiti na kusoma maelekezo yote: sehemu nne, muda mmoja kwa zote, hakuna kurudi nyuma. Sehemu ya mwisho, kumwandikia mteja jibu, ndiyo iliyobeba alama nyingi. Akaigawanya saa yake vizuri, akabonyeza.

Jamani, alikwenda! Kusoma akamaliza mapema. Hesabu zikampita kama mchezo. Alipofika kwenye kusikiliza alikuwa na muda wa ziada hata wa kunywa maji, na akanywa. Akachomeka waya masikioni.

"Alo? Mutoto yangu, nilitumaka koli ya batoto bangu, mpaka leo haiyafika. Sikuya kugombana. Nakuomba na mikono mbili, uniangalilie."

Jibu alilijua papo hapo. Mama huyu hadai fidia wala hagombani, anataka tu kifurushi chake kifuatiliwe. Lilikuwa la tatu katika orodha, linamtazama. Drocella alipeleka kidole, kisha kidole kikaenda kwingine, kikabonyeza sikiliza tena.

Mara ile alijiambia anahakikisha. Iliyofuata hakujiambia kitu. Alilitaka lile "mutoto yangu" na jinsi mwisho wa sentensi ulivyopanda. Akaliona tope la Kadutu baada ya mvua, beseni la sambaza, mkono wa mama ukipepea nzi bila yeye kuangalia. Alijua huyu si mama yake. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana zaidi, labda amelipwa asome karatasi, labda alikuwa na haraka zake. Akabonyeza tena. Saa ya pembeni ikageuka nyekundu, naye akaiona. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia: aliiona, na wala haikuwa giza wala wazimu. Wakati ule aliitamani ile sauti kuliko kazi.

Alipolichagua jibu hatimaye, sehemu ya mwisho ilifunguka nyeupe mbele yake. Akaandika "Maman mpendwa," na kioo kikajifunga.

Barua ilikuja baada ya siku chache, ya adabu sana, ikimshukuru na kumtakia heri. Kila mtu anafanya mara moja tu, ndivyo ilivyosema. Drocella alijikasirikia mpaka chakula kikamshinda. Yeye, aliyewagombeza watoto wa watu wenye shahada! Usiku na mchana alijiita majina ambayo hapa siyarudii.

Jumapili Isimbi, ambaye alikuwa ameshaambiwa kwa ujumbe kwamba mtihani haukumalizika, akapiga simu.

"Maman, wewe ndiye hukumaliza? Internet ilikatika?"

"Ilikuwa muzuri."

"Ama ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Kulikuwa maman mumoja mu ule mutihani, anasema sawasawa na mama yangu. Nilimusikiliza. Nikamusikiliza tena. Njo maana nitakuya Kigali. Utengeneze ile chumba."

Akangoja agombezwe. Alistahili, na pengine kugombezwa kungempunguzia. Lakini Isimbi alizaliwa bibi yake akiwa ameshalala Mibirizi. Alimjua kwa ile picha tu, uso uliokunjwa kama watu walivyokuwa wakikunja mbele ya kamera, na tangu utotoni alidhani bibi alikuwa mkali.

"Alikuwa anasemaka aje?" Isimbi aliuliza polepole.

Drocella aliona haya. Akakaa sawasawa, akasafisha koo. Hakuwahi kujaribu, miaka yote hiyo. Kisha akasema, "Mutoto yangu, nakuomba na mikono mbili," na sauti ikamtoka nyembamba, tulivu, ikapanda mwishoni palepale ilipokuwa ikipandia, kiasi kwamba alishtuka akatazama nyuma yake.



"Isimbi? Uko?"

"Niko, Maman," alisema binti, na alikuwa analia. "Sema tena."