Tonge Moja Mbele ya Watu

Nianze na hili ili usije ukasema nilikuficha: nilimharibia mama mmoja jina lake, na sikumsingizia hata neno moja. Nilinyamaza tu. Ukimaliza kusoma unaweza kunihukumu, mimi sina neno, ila nisikilize kwanza.

Nilipofika Durban kutoka Bukavu nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya chakula cha Kiitaliano, kule juu Berea. Shefu wetu alikuwa mama wa Kizulu ambaye Italia aliiona kwenye kalenda ya ukutani, lakini tambi zake zilikuwa zinawapandisha watu kilima kutoka pwani. Sisi wa jikoni tulikula kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa tambi. Mwaka wa kwanza nikadhani ni maji ya ugenini. Tumbo linavimba, mikono inakonda, nywele zinabaki kwenye kitana. Nakula, nakimbilia chooni, narudi kuosha masufuria. Siku moja shefu akanizuia mlangoni akasema, "Wewe dada, kila ukila hapa unakimbia. Kesho huji kazini. Unaenda kliniki."

Wakanitoa damu, wakanipitishia mpira kooni, na daktari kijana akaniambia kwamba mwili wangu haupatani na ngano. Si kwa mwezi mmoja, ni maisha yote. Mkate, chapati, mandazi, sambusa, biskuti, tambi, hata supu iliyokolezwa kwa unga kidogo. Nikamwuliza kama tonge moja lina shida. Akasema hata chembe inanidhuru, tena nikiendelea, damu itaisha mwilini na siku moja nitaanguka njiani.

Eish. Jaribu basi kula nje katika mji huu bila ngano. Durban ni mji wa mkate. Chakula chao cha sifa ni nusu mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi. Ukikimbilia chipsi, zimekaangwa kwenye mafuta yale yale ya samaki waliopakwa unga. Ukiuliza, muuzaji anakutazama kana kwamba umemwomba kitambulisho chake. Nikawa mtu wa kutembea na kiazi kitamu kwenye mkoba.

Mahali pekee nilipokula nikashiba bila wasiwasi palikuwa pale pale kazini, kwa watu wa tambi! Walikuja watalii wenye ugonjwa kama wangu, na shefu alikuwa na sufuria yao, chujio lao, na mwiko aliofunga kitambaa chekundu ili mtu asikosee. Tambi zao zilitengenezwa kwa mahindi. Mzungu akisema tu neno "ngano", jikoni kote watu wananawa mikono upya. Shefu akawa ananipikia na mimi humo. Nakwambia nilinenepa.

Lakini mtu hawezi kuishi kwa tambi za mahindi. Nilitaka chakula cha kwetu. Nilitaka bugali, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nile kwa mkono, nikisikia watu wanabishana kwa lugha yangu. Na South Beach, chini ya ghorofa moja lililo karibu na Point, palikuwa na mgahawa wa mama mmoja wa kwetu. Meza sita, televisheni juu ya friji, na picha kubwa ya Yesu akiwa na kondoo. Jumapili baada ya ibada hupati kiti. Bugali wake ulisifiwa mpaka Pietermaritzburg: mweupe, laini, unavutika.

Siku ya kwanza nilimfuata mpaka kwenye kaunta nikamweleza ugonjwa wangu wote, taratibu, kwa heshima. Nikamwuliza, "Mama, kwenye bugali unatia nini?"

Akajifuta mikono. "Mwanangu, hapa kwangu iko mihogo na mahindi tu. Mungu ananiona."

"Hata unga wa ngano kidogo, wa kulainisha?"

"Nimesema mihogo na mahindi."

Nikaomba nione sufuria, wateja wakisikia. Hapo sura yake ikabadilika. Sisi wa Kivu, jimbo la Bukavu, tunajua maana ya mtu kuchungulia chungu cha mwenzake. Kwetu sumu si hadithi. Inaitwa karuho, na kila ukoo una mtu wanayesema alilishwa. Anayekataa chakula chako, au anayekikagua, amekuita mchawi mbele ya wageni wako. Nililijua hilo. Nikamwomba radhi, nikamwambia daktari ndiye anayenilazimisha, nikakaa nikala. Miezi mitatu nikala kwake, siku tatu kwa wiki, na nikimaliza nasema asante mama, umenirudisha nyumbani. Nilimpenda yule mama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tumbo likaanza tena. Nywele zikaanza tena. Daktari akatazama majibu ya damu akaniambia, "Unakula ngano mahali." Nikamwapia kwamba sili. Akaniuliza tena, kwa upole wa kunifanya nionekane mwongo, na mimi nikatoka nikilia kwenye taxi mbele za watu. Kazini nilianza kuangusha sahani. Shefu akasema ananihurumia lakini mwenye hoteli hesabu yake ni sahani. Nilikuwa napoteza kazi, napoteza mwili, na kila nilipojisikia vibaya nilikwenda kwa yule mama kujipoza kwa bugali.

Sasa Jumapili ile. Tumetoka kanisani, mgahawa umejaa, watu wengine wanakula wamesimama. Nimekula nusu sahani tumbo likanikata. Nikainuka kwenda chooni, na choo kiko nyuma, unapita mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Yule mama alikuwa amesimama juu ya sufuria, mkono wake umezama kwenye gunia, anachota na kunyunyiza, anachota na kunyunyiza. Gunia lile nalijua vizuri. Kila asubuhi kazini huwa nalipita mbali nikiwa nimeziba pua. Ni semolina, ile ngano ya chengachenga wanayofinyangia tambi. Muhogo ulikuwa umepanda bei, na semolina inalainisha na kuvutika vile vile. Ndiyo ule ulaini uliosifiwa mpaka Pietermaritzburg.

Akageuka akaniona. Natamani angeshtuka. Angeshtuka, angesema nisamehe mwanangu, maisha ni magumu, hadithi hii isingekuwepo. Yeye akacheka.

"Haya, umeona," akasema. "Miezi mitatu umekula. Umekufa? Magonjwa ya wazungu hayo. Mtu mweusi hafi kwa mkate."

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua. Ulitaka kuchungulia chungu changu mbele ya watu, nikasema huyu nitamponya majivuno."

Kuniponya majivuno! Nikarudi mbele nikijishika ukuta, nikafika katikati ya meza, na pale pale, mbele ya wazee wa kanisa na watoto wao wenye soksi nyeupe, nikatapika kila kitu. Nikajikokota mpaka nje. Karibu na robot, zile taa za magari, nikaanguka kwenye lami.

Wanawake wakanizunguka. Mmoja akanipepea kwa kitenge chake, mwingine akanishika kichwa. Mama mzee wa kwaya akainama akaniuliza, "Umekula nini, mwanangu?"

"Bugali."

"Wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

Wakatazamana. Yule mzee akapunguza sauti. "Karuho?"

Nilikuwa na nguvu za kusema neno moja. Ngano. Herufi tano. Nililiona linakuja mdomoni. Kisha nikausikia tena kichwani ule mcheko wa jikoni, na lile swali lake, umekufa? Nikafumba macho, nikageuza uso, nikaacha chozi lishuke. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya.

Sikuhitaji kufanya nyingine. Kufikia Jumatano, kwenye saluni za katikati ya mji, walisema nimekufa nikafufuliwa kwa maombi. Kufikia Ijumaa walisema yule mama alitoka Bukavu na sumu ndani ya pembe. Jumapili iliyofuata meza mbili zilikuwa na watu. Jumapili ya tatu, televisheni ilikuwa inajitazama yenyewe. Nilipita upande wa pili wa barabara, polepole, nikamwona amekaa chini ya picha ya Yesu na mikono mapajani. Nilifurahi. Sitaki kukudanganya, nilifurahi mpaka nikajinunulia soda.

Alinitumia ujumbe, sikujibu. Mwisho akaja mwenyewe, mchana, siku yangu ya mapumziko, akapanda ngazi za ghorofa tatu mpaka chumbani kwangu Berea. Alikuwa amekonda. Nikamkaribisha kiti, hakukaa.

"Unajua mimi sikukupa sumu," akasema.

"Najua."

"Basi waambie watu."

"Niwaambie nini? Kwamba ulinilisha ngano miezi mitatu, ukijua, huku unamtaja Mungu?"

"Sema hivyo. Sema nilitia ngano. Nitakubali mbele ya kanisa zima."

Hapo ndipo nilipocheka mimi. "Mama, nani ataamini? Mtu mweusi hafi kwa mkate. Ulisema mwenyewe. Nikiwaambia ni ngano, watasema umenilipa nikufunike."

Alikuwa ameshalipima lile jambo usiku mwingi, niliona. Alijua kwamba maneno hayatoshi, na alijua kitu gani kinatosha. Kwetu anayesemwa ana sumu hasafishwi kwa maneno. Anasafishwa na yule yule aliyeumia, akirudi akala kwenye mkono wake hadharani. Akapiga magoti. Mama wa umri wa mama yangu, kwenye zulia langu la plastiki.

"Njoo Jumapili. Tonge moja tu, mbele ya watu. Nina watoto watatu shuleni na mume yuko kaburini. Jina langu ndilo sufuria yangu, mwanangu. Nimekosa. Nilikukosea vibaya. Nisamehe."

Nikamtajia masharti. Sufuria mpya. Mwiko mpya. Unga wa muhogo uliofungwa, ufunguliwe mbele ya macho yangu. Gunia lile litoke ndani ya nyumba. Anawe mpaka kwenye kucha. Kila sharti alilijibu ndiyo, ndiyo, mwanangu. Nikamwambia nitakuja.

Na nilikusudia kula. Wiki nzima nilikusudia. Niliwaza vile watu watakavyopiga vigelegele, na vile nitakavyoonekana mwenye moyo mkubwa.

Jumapili hiyo hata wasiokwenda kanisani walikuja. Walijaa mpaka barabarani, lakini ndani hakuna aliyekaa. Meza zote sita tupu, watu wamejipanga ukutani. Mzee wa kanisa akaomba kwa kifupi. Nikaingia jikoni peke yangu na yule mama. Sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani ubavuni. Akachana pakiti mbele yangu, akanionyesha, akamimina. Alisonga huku jasho linamdondoka, na harufu ikapanda, ile harufu kali kidogo ya muhogo ulioloweshwa, ambayo sikuwahi kuisikia kwenye bugali wake siku zote zile. Kwa mara ya kwanza alikuwa amenipikia chakula cha kwetu cha kweli.

Tukatoka. Akaweka sahani mezani, bugali na sombe, akakaa mbele yangu. Mpishi huanza, akakata tonge, akachovya, akala, akafungua mdomo watu waone. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikanawa. Nikakata tonge. Lilikuwa la moto, nikaliviringa taratibu kwenye vidole, likawa duara. Lilikuwa safi, sina shaka nalo hata chembe. Nikamtazama machoni. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na hofu, na pia alikuwa anatabasamu, kwa sababu alishaona kwamba nitakula, kwamba mimi ni mtoto mzuri, nitakula na yaishe. Na mimi nikakumbuka kwamba kwa miezi mitatu alikuwa ananitazama hivi hivi nikila.

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikanawa tena, kidole kwa kidole.

"Asante mama," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Nimeshiba."

Watu walianza kutoka mmoja mmoja, wakiwashika watoto mikono. Yule mama alivuta sahani kwake akaanza kula. Alikula upande wake, akahamia upande wangu, akalichukua lile tonge nililoliviringa akalila nalo, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye sombe, anameza haraka haraka na kuwatazama watu waliobaki kama wanaona. Hawakuona kitu. Walikuwa wanatazama viatu vyao.

Nilisimama mlangoni mpaka sahani ikabaki tupu.