Namba Pembeni mwa Kibao

Watu wote walimwita Mwandiko, hata mama yake mzazi, na jina lilimkaa kama kofia ya kipimo chake. Kwa miaka ishirini alikuwa ameandika vibao vya bucha, saluni na shule za chekechea, pamoja na onyo moja la "Usikojoe Hapa" lenye herufi nzuri hivi kwamba watu walisimama kulisoma kwanza, ndipo wakakojoa. Kila kibao alikimalizia pembeni, chini kulia, kwa namba yake ya simu ya rangi nyekundu. Chema chajiuza, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na kodi ya karakana.

Jumatano mama mkwe wake alifika karakanani. Mwandiko akaruka kumpisha kwenye kiti pekee kisicho na rangi.

"Baba, nataka vibao kumi na viwili," mama alisema. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa. Zahanati yao ilikuwa imefungwa miezi minne, na mama mmoja alikuwa amejifungulia kwenye toroli la mchanga. "Jumamosi tunaandamana. Taarifa tumeshapeleka polisi, siku tatu kabla, kama sheria inavyotaka. Kibali hiki hapa, na mhuri juu."

"Hewala, mama." Nani humkatalia mkwe?

Ijumaa jioni akina mama walivichukua vibao, rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Jumamosi asubuhi Mwandiko alikuwa anakunywa chai mkewe alipoweka simu mezani.

"Kibali kimefutwa jana usiku. Wanasema ni sababu za usalama."

"Basi mama hatakwenda."

"Mama? Anasema sheria wameifuata mpaka mlangoni, na kama imewafungia mlango, si wao walioufunga." Mkewe alishusha sauti. "Lakini sasa ni mkusanyiko usio halali. Aliyeuitisha ana kosa, anayebeba bango ana kosa, aliyelitengeneza ana kosa."

"Aliyelitengeneza atajulikana vipi?" Mwandiko alisema, akacheka. Kisha kicheko kikamkatika.

"Nini?"

"Nimeweka namba."

"Namba gani?"

"Ya simu."

"Kwenye vibao vyote?"

"Mkono ulikwenda wenyewe."

Mkewe alimtazama kama anayetazama sufuria iliyotoboka. Mwandiko alikwishasimama. Mwaka uliopita mchapaji mmoja wa fulana alikaa rumande siku tisa, na mashine yake hakuiona tena. Karakana ile ndiyo iliyosomesha watoto watatu. Aliogopa waziwazi, wala hakujidanganya. Akachukua kitambaa, akachomeka chupa ya petroli mfukoni kama afanyavyo kila anapofuta rangi mbichi, akatoka mbio na kandambili.

Njiani simu iliita mara mbili. Hakuthubutu kuipokea.

Aliwakuta akina mama wamekwishajipanga barabarani, na upande wa pili askari na ngao zao. Kibao cha kwanza alikifuta namba kwa haraka, cha pili, cha tatu. Akina mama walidhani fundi anasafisha kazi yake, wakamshukuru. Mwandiko hakuweza kutulia. Alikuwa akifuta huku jicho moja liko kwa askari, akihesabu vilivyobaki. Tisa. Kibao kikubwa kuliko vyote kilikuwa mbele kabisa, mikononi mwa mama mkwe wake.

"Mama, samahani, niruhusu kidogo."

Mama alinusa. Akanusa tena.

"Baba, hiyo chupa ina nini?"

"Petroli, mama. Ya kufutia namba."

"Umekuja kwenye maandamano na petroli na kitambaa?" Alisema polepole, bila kugeuza uso, maana askari walikuwa wanatazama. "Unajua hicho kitu kinaitwaje wakikikuta mfukoni mwako? Na sisi tutaitwa nani?"

Mwandiko aliona vifaa vya kazi tu. Akainama kana kwamba anavaa kandambili vizuri, akamimina petroli yote mtaroni, na kitambaa nacho akakitupa.

"Sasa sina cha kufutia," alisema.

"Pole, baba. Jina langu liko kwenye ile taarifa, na anwani, na kidole gumba. Wote hawa wamekuja na nyuso zao, na uso haufutiki kwa petroli." Akampigapiga begani. "Nenda nyumbani. Hakuna atakayekulaumu. Mimi ndiye niliyekutuma."

Mwandiko aligeuka kwenda. Alitembea hatua kama kumi hivi. Simu ikaita tena, namba asiyoijua. Akaangalia upande wa askari, akamwona mmoja wao amesimama kando ya wenzake, simu sikioni, macho kwenye kibao kikubwa.

Kilisomeka vizuri kutoka pale. TUFUNGULIENI ZAHANATI. Herufi N ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa imeinama kidogo.

Akapokea.

"Wewe ndiye fundi wa hivi vibao?"

Mwandiko alirudi hatua zile kumi, akasimama karibu na mama mkwe wake, akashika upande mmoja wa kibao kwa mkono usioshika simu.

"Ndiyo mimi," alisema. "Nipo hapa mbele, kushoto."