Diski C ya Migori, Ukumbi wa Homa Bay

Baba alivaa koti lake la kanisani, jua la Homa Bay likiwa kali vile, kwa sababu mimi mwanawe ningewaonyesha wazazi wa shule moja ya huko kompyuta ikitoa matokeo ya mtihani. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa ameniahidi kazi iwapo programu yangu ingeenda vizuri siku hiyo.

Niliiandika kwetu Migori, kwenye mashine ya DOS. Kompyuta yao waliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, nayo ilitumia Linux, mfumo mwingine kabisa. Lugha ya kompyuta niliyoandikia ilikubali kwenye mifumo yote miwili, basi sikujisumbua zaidi. Kila mahali programu ilipotafuta faili nilikuwa nimeandika njia nzima: anza diski C, ingia folda ya matokeo, kisha ya kidato. Mashine ile haikuwa na diski C. Kwake kila njia huanzia mzizi mmoja, na hata mikwaju, vile vistari vya mshazari vinavyotenganisha majina ya folda, huinamia upande mwingine. Ni kama nilikuwa nimemwelekeza mtu Homa Bay kwa kumtajia posho mill, kinu cha unga, ya kwetu Migori.

Pasta aliomba, akaibariki kompyuta hadi kibodi. Nikabonyeza. Skrini ikatoa mstari mmoja tu.

"Hiyo inasema nini?" Baba akauliza kutoka benchi ya mbele.

"Inasema haioni faili."

"Na wewe uliziweka wapi?"

Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikasema kwa sauti kwamba kompyuta hii ndiyo mbaya, si kama zile za kawaida. Nilisema hayo ndani ya ukumbi wao, soda yao mkononi.

Baba akasimama, akavua kofia. "Mos uru, poleni wazazi. Nyathina, huyu mtoto wangu, ndio amepotea njia. Kompyuta ya wenyewe iko mahali yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wazazi walipoenda kula nilibaki nikifuta kila diski C, nikiiambia programu ianze kutafuta kutoka pale ilipo yenyewe. Majina ya wanafunzi na alama zao yalipojaa kwenye skrini, mwalimu mkuu alikuwa akiwasindikiza wazazi wa mwisho. Ukumbini alikuwamo Baba tu, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Akainuka, akapiga makofi peke yake, kwa nguvu, kana kwamba mabenchi yote yamejaa watu.

Nikazima skrini ili aache.